Mwacheni Samaki Awe Samaki

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mto wenyewe tulikuwa hatujauona, tuko kwenye kijia cha changarawe chini ya miti mirefu inayodondosha mvua ya jana, watu ishirini na watatu tunakwenda kwa mafungu mafungu, na upepo ukaleta kitu ninachokijua tangu utoto. Harufu ya mwalo. Si ile ya alfajiri, mitumbwi inapoingia na samaki bado anarusha mkia. Ni ile ya saa nane mchana pale Mwigobero, Musoma, wachuuzi wameshaondoka, limebaki jua, magamba, na korongo wanaogombania utumbo. Nikasimama ghafla. Bibi mmoja wa Mombasa aliyekuwa nyuma yangu akanigonga mgongoni na kikapu chake cha chakula.

"Wasimamia nini? Dubu?"

Hakuwa dubu. Walikuwa samaki waliokufa, samoni, wengi, wamelala kwenye kokoto za ukingoni na kunasa kwenye mizizi, macho yametobolewa na ndege. Na katikati ya maiti hizo, kwenye maji yasiyofika magotini, wenzao wazima walikuwa wakipigana kupanda mto wakatage. Ilikuwa Oktoba, tuko Landsburg, kwenye Mto Cedar katika jimbo la Washington, safari ya nusu saa hivi kwa gari kutoka Kent ninakoishi.

Nieleze kwanza nilifikaje huko, maana kwetu mtu hatembei bure. Siku ya kwanza nilipomwambia mama kwa simu kwamba Jumamosi tunakwenda kutembea msituni, aliuliza kuna nini huko. Nikamwambia hakuna kitu, tunatembea tu, halafu tunarudi. Akanyamaza kidogo. "Gari lako limeharibika?"

Kundi letu lilizaliwa na misiba. Waswahili wa Kent, Renton, Tukwila na Tacoma tulikuwa tukionana kwenye mazishi na michango, basi. Watu wa Musoma, Kigoma, Mombasa, Bukavu, na familia mbili za Kirundi zilizokulia kambini Nyarugusu, sote tunajuana kwa nyuso za huzuni. Baada ya msiba wa tatu mwaka ule, mama mmoja muuguzi akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba amechoka kutuona tukiwa tumevaa nyeusi tu, na kwamba daktari amemwambia atembee. Jumamosi saa 2, tukutane maegesho ya kanisa. Watu wazima tulifika saa mbili asubuhi, wengine saa tatu, si haba. Kijana mmoja aliyezaliwa hapa alifika saa nane mchana akiwa na mkoba mgongoni, akakuta maegesho matupu. Kwake saa 2 ni saa ya kwenye simu. Tangu siku hiyo tangazo huandikwa "saa mbili ya Kiswahili", na kijana ndiye anayewahi kuliko wote.

Tulijifunza kwa aibu. Safari ya pili tulikwenda Novemba kwenye vilima vya chini ya milima ya Cascade, mimi nimevaa raba za turubai, tukasahau kwamba mwezi ule huku jua huzama saa kumi na nusu alasiri. Tulishuka gizani watu kumi na wanne na tochi moja, mtandao hakuna, baba mmoja wa Bukavu tunayemwita Papa akiimba mapambio ili wa nyuma wafuate sauti. Chama cha wapanda milima cha hapa Seattle, The Mountaineers, kina orodha ya vitu kumi vya lazima iliyoanza miaka ya 1930: ramani, dira, taa, kiberiti, nguo za ziada na kadhalika. Sasa tunaifuata, ila ya kwetu ina kumi na viwili, kwa sababu ya chupa ya chai ya tangawizi na chapati.

Kuhusu dubu, bibi wa Mombasa hana haja ya kuogopa. Ushauri wanaokupa huku ni kwamba upige kelele njiani ili usimshtue. Sisi hilo tunalitimiza bila kuagizwa.

Basi siku ile ya Landsburg kelele zilikoma zenyewe. Watu walijipanga kwenye daraja la zamani la reli, kwani njia hii ya Mto Cedar ilikuwa reli kabla ya kuwa njia ya waenda kwa miguu, wakainamia maji. Dakika tano nzima hakuna aliyesema. Ningependa ziwe kumi. Lakini tuna mchungaji kwenye kundi, mtu mwema sana, na mchungaji akiona samaki anayerudi alikozaliwa hawezi kujizuia. Akaanza na mwana mpotevu. Kisha mwanafunzi mmoja wa chuo akadakia, sauti inamtetemeka: "Hawa ndio sisi. Hata ukae ughaibuni miaka mingapi, utarudi nyumbani." Watu wakaitikia, wengine wakafuta macho. Mimi nilikuwa natazama mizoga. Nilitaka kumwuliza: mdogo wangu, waliofika umewaona?

Ukiwa mtoto wa muuza samaki, mafumbo ya namna hii yanakukera kidogo. Samaki kwetu alikuwa ada ya shule. Mama alimjua kwa kumbonyeza, kwa rangi ya mashavu, kwa harufu, na akikuambia huyu ni wa jana basi ni wa jana. Hakumwona samaki akawaza jambo lingine.

Tena huyu wa Mto Cedar ndiye asiyefaa kabisa kwa hadithi ya ardhi ya mababu. Ni samoni aina ya sokai, jina lililotoka kwenye lugha za wenyeji wa pwani hii, wageni wakalitamka walivyoweza. Sokai wengi wa mto huu ni uzao wa vifaranga walioletwa miaka ya 1930 kutoka Mto Baker, kaskazini ya hapa. Ni wahamiaji. Na mto wenyewe umehamishwa. Zamani Cedar haukuingia Ziwa Washington. Ulikutana na Mto Black, wakashuka pamoja hadi Mto Duwamish na baharini. Mwaka 1912 ulichepushwa pale Renton ukaelekezwa ziwani. Mwaka 1916 ukafunguliwa mfereji wa meli kati ya ziwa na bahari, ziwa likashuka karibu mita 3, na Mto Black, ambao ndio uliokuwa ukitoa maji ya ziwa hilo, ukabaki mkavu. Waduwamish, wenyeji wa asili wa hapa, walikuwa na vijiji vyao kandokando yake. Siku hizi sehemu kubwa ya mahali pale ni maghala na maegesho. Mimi naendesha gari la kusambaza vifurushi. Miaka minne nimepakia mzigo karibu na hapo kila alfajiri bila kujua kwamba nimesimama jirani na mto uliokufa.

Pale Landsburg nako kuna habari yake. Seattle ilianza kuchota maji ya kunywa Mto Cedar mwaka 1901, na kizuizi walichojenga hapo kiliwafungia samaki njia kwa zaidi ya miaka 100, mpaka ngazi ya samaki ilipokamilika 2003. Ngazi ya samaki ni vidimbwi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, samaki anaruka kutoka hiki kwenda kile. Lakini si kila mmoja anapitishwa. Samoni wa aina nyingine, chinuk na koho, haya, pandeni. Sokai anazuiliwa, kwa kuwa ni wa makundi makubwa, na mizoga yao ingeozea juu ya mahali pa kuchotea maji ya jiji. Yaani kuna mlango, na mlangoni kuna mtu anayekutazama wewe ni wa aina gani. Najua kabisa sentensi iliyonijia hapo, na wenzangu mliosimama kwenye foleni za viza mnaijua. Nimejizuia.

Darajani alikuwepo mzee wa kizungu wa kujitolea mwenye kapu la miwani, ile inayokata mng'aro wa maji. Akanipa moja. Nikavaa, na yale niliyodhani ni mawe yakageuka migongo.

Jike mmoja alikuwa karibu kiasi cha hatua mbili chini yangu. Mwili mwekundu kama pilipili iliyoiva, kichwa cha kijani kilichofifia. Alijilaza ubavu, akapiga mkia mara tano, sita, haraka haraka, kokoto zikaruka zikachukuliwa na maji. Akapumzika. Akazunguka, akashusha pezi la chini karibu na mkia kwenye shimo, kama mpishi anayepima maji ya wali kwa kidole. Hakuridhika. Akalala tena ubavu. Mkia wake ulikuwa mweupe, ngozi imeliwa na mawe hadi miiba inaonekana. Nyuma yake alikaa dume mwenye nundu na taya lililopinda kama ndoano, anamkimbiza kila anayesogea. Na kila alipokwenda kumfukuza mmoja, mwingine mdogo, mwembamba, asiye na nundu wala fahari, alijipenyeza upande wa pili. Bibi wa Mombasa aliufuatilia mchezo huu kama anayetazama tamthilia ya usiku. "Huyo mdogo ndiye mwizi," akasema. "Mwangalie huyo."

Sokai jike hubeba mayai elfu tatu hivi. Anayamwaga kwenye shimo, dume linamwaga mbegu papo hapo, halafu jike anachimba shimo jingine juu kidogo ili kokoto zake zifunike la kwanza. Kazi moja, faida mbili. Kisha anabaki kulinda kaburi lile la mayai mpaka nguvu zimwishe, siku chache tu. Hajala chochote tangu atoke baharini. Papa wa Bukavu, ambaye swali lake lilikuwa moja tangu tufike, akarudia: "Samaki iko mingi hivi, na hakuna mutu anakamata?" Yule mzee wa miwani akasema ni marufuku, na kwamba mara ya mwisho msimu wa kuvua sokai kwa ndoano ulifunguliwa Ziwa Washington ilikuwa 2006, kwa jinsi walivyopungua. Nilipomtafsiria Papa, alitazama tena mto uliojaa, akanitazama mimi, akaona tunamficha kitu.

Nikamwongezea ya kwangu ya mwaloni: huyu hata ukimpata hafai. Ule wekundu wa nyama unaolipiwa dukani umehamia kwenye ngozi na mayai. Ndani amebaki mweupe, teketeke, mafuta yote ameyachoma njiani. Mama yangu angembonyeza mara moja akamrudisha. Hilo Papa alilielewa.

Kwetu yuko samaki anayekaribiana na huyu, anaitwa ningu. Anaishi Ziwa Victoria, mvua kubwa ikinyesha na mito ikifurika anapanda Mara, Kagera, Nzoia na mingineyo kwenda kutaga kwenye maji yaliyotanda majanini. Babu yangu alisema zamani mtu alisikia ningu kabla ya kuwaona, na migono ilijaa usiku mmoja. Nilikua nikidhani wazee wanaongeza chumvi. Lakini ni kweli, ningu alikuwa samaki mkubwa wa biashara kwenye mito ile, hadi nyavu za kutega zilipoenea karne iliyopita na watu wakazipanga midomoni mwa mito, wakawazoa wakiwa na mayai tumboni kabla hawajataga. Hapo hakuna mhubiri aliyehitajika kueleza kilichotokea. Tofauti ni kwamba ningu akishataga hafi, anarudi ziwani, kama hakukutana na wavu. Nilipokuwa darajani Landsburg nilijikuta namwaza yeye kuliko kumwaza sokai, kwa sababu yeye nimemla.

Mwaka uliofuata tulibadilisha. Badala ya kwenda mbali tukaenda kijito cha Longfellow, ndani ya Seattle yenyewe, kina njia ya miguu inayopita nyuma ya nyumba za watu. Ilikuwa Novemba, mvua ya kwanza kubwa imenyesha usiku. Huko wanapanda koho. Tulimkuta mmoja kwenye kidimbwi akizunguka juu juu, mdomo wazi, anagonga ukingo, anageuka, anagonga tena, kama mtu aliyelewa anayetafuta mlango. Baada ya muda akalala ubavu. Mama mmoja mwenye koti la mvua aliyekuwa akihesabu samaki pale alimtoa, akampasua kwa kisu kidogo, na tumboni mayai yalikuwa yamejaa tele, mekundu, hakuna hata moja lililotagwa.

Ni tairi. Kwenye mpira wa tairi huwekwa kemikali iitwayo 6PPD ili usipasuke kwa ozoni ya hewani. Ikikutana na ozoni hiyo inageuka kitu kingine, 6PPD-kwinoni. Tairi zinasagika barabarani, vumbi linabaki, mvua inaliosha hadi kijitoni, na koho anakufa ndani ya saa chache. Kwa miaka mingi watu waliona koho wakifa hivyo mijini bila kujua sababu, hadi watafiti wa Tacoma na Puyallup walipomtaja muuaji, Desemba 2020. Ajabu nyingine ni kwamba samoni aina ya chum anapita kwenye maji hayohayo salama. Na maji hayo yakichujwa kwanza kwenye udongo uliochanganywa na mboji, koho anaishi. Kwa hiyo sehemu nyingine hapa mjini utaona bustani zimechimbwa kandokando ya barabara kama vibonde, maji yazame humo kabla ya kufika mtoni.

Tulikuwa tumekuja na magari manane. Hakuna aliyehubiri siku hiyo. Mimi gari langu la kazi ni vituo mia na zaidi kwa siku, na kila nikibadilisha tairi linatoka kipara. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza ule mpira uliokwisha umekwenda wapi. Wakati wa kurudi yule mama muuguzi akapendekeza safari ijayo tubanane kwenye magari manne. Tukakubali wote. Tulikuja na saba.

Safari niliyoipenda kuliko zote haikuwa na samaki hata mmoja wa kuonekana. Tulikwenda Nisqually, kusini ya Tacoma, mahali mto unapokutana na bahari, tukatembea kwenye ulalo wa mbao juu ya tope hadi karibu na maji ya chumvi. Hifadhi ile imepewa jina la Billy Frank Jr., mtu wa kabila la wenyeji la Nisqually aliyezaliwa 1931 na kufariki 2014. Mwaka 1854, kwenye kijito cha Medicine, watu wake walitia alama kwenye mkataba na serikali ya Marekani uliowapokonya karibu ardhi yote lakini ukawaachia haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Halafu jimbo likawa linawakamata kwa kuvua. Yeye alikamatwa mara ya kwanza ana miaka 14, na baada ya hapo zaidi ya mara 50. Nyavu zilichukuliwa, mitumbwi ikachukuliwa, wakarudi mtoni usiku. Tarehe 12 Februari 1974 jaji George Boldt akaamua kwamba maneno ya mkataba yana maana yaliyosemwa, na makabila yenye mikataba ya namna ile yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha hukumu hiyo kwa sehemu kubwa mwaka 1979.

Nilimsimulia mchungaji haya tukiwa tunatembea, yeye na fimbo yake mimi na chupa ya chai. Akasikiliza hadi mwisho. Nikamwambia, mchungaji, hawa walikaa mahakamani miaka na miaka kwa ajili ya samaki. Samaki wa kula, wa kukausha kwa moshi, wa kuuza. Akatembea kidogo kimya, nikafikiri nimemkwaza. Kisha akauliza kama sehemu hii kuna choo karibu.

Mwezi uliopita tulirudi Landsburg. Safari hii tulikuwa thelathini na mmoja, na watoto, ambao wamejua kuwahesabu samaki kwenye maktaba ya Renton, iliyojengwa juu ya mto huuhuu, kwa hiyo wanajiona wataalamu. Mzoga mmoja ulikuwa umeburutwa hadi mguuni mwa mwerezi, umebaki kichwa na uti wa mgongo. Mtoto wa miaka saba akamweleza bibi wa Mombasa kwamba mti utamla samaki yule. Bibi akamwambia mti hauna meno. Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi: naitrojeni inayotoka baharini ndani ya miili ya samaki hawa imepatikana ndani ya miti ya ukingoni. Lakini huwezi kumwambia bibi.

Nikarekodi video ya jike mwingine akichimba, dakika nzima, nikamtumia mama Musoma. Akanipigia jioni, kwao asubuhi, nasikia kelele za mwalo nyuma yake. Alikuwa ameitazama mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo ana mayai."

"Ndiyo."

"Na amechoka. Mkia umekwisha." Akamsemesha mteja hapo, akarudi kwenye simu. "Wale wazima sasa, wa baharini, ambao hawajachoka. Huko kilo mnanunua shilingi ngapi?"

Nikapiga hesabu ya haraka kichwani, nikamtajia nusu ya bei.

"Nusu kilo?"

"Kilo, mama."

Akacheka sana, akaniambia niache uongo.